Mgeni Njoo, Msitu Upone

Ndugu msomaji, wahenga walituachia usemi kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Usemi huu tunautamka mlangoni kila siku, lakini ni nadra kuupima uzito wake. Ndani yake mna mapatano. Mwenyeji hutoa kitanda, maji ya kunawa na heshima. Mgeni huleta habari za atokako, huleta kijizawadi, na kwa ajili yake huchinjwa kuku ambaye watoto wa nyumba hiyo walikuwa wakimtazama kwa hamu tangu mwezi uliopita. Kila upande hupata, na kila upande huwa na wajibu wake. Mtu aingiaye, akala, akalala, kisha akaondoka bila hata kuuliza jina la mwenye nyumba, huyo kwa desturi zetu hahesabiwi mgeni.

Jumapili hii nakuomba tuupeleke usemi huo mahali ambapo hatujazoea kuupeleka, yaani msituni. Jamaa nyingi za mijini zimeanza desturi njema ya kutumia siku za mapumziko kutembea kwa miguu katika milima na misitu yetu, na kivutio kikubwa cha matembezi hayo ni maporomoko ya maji. Watu huenda, hutazama, hupiga picha, hurudi. Swali langu ni hili: katika safari hiyo mwenyeji ni nani, na anapona kwa lipi? Ili tusizungumze hewani, tuchukue mfano mmoja ulio wazi, nao ni maporomoko ya Sanje katika Milima ya Udzungwa, mkoani Morogoro.

NJIA YA SANJE

Ukitoka Dar es Salaam utapita Morogoro, utaikata mbuga ya Mikumi, na kuufikia mji mdogo wa Mikumi. Hapo utaiacha barabara kuu iendayo Iringa na kushika ile ielekeayo Kidatu na Ifakara. Utavuka Mto Ruaha Mkuu na kuingia katika mashamba ya miwa ya Kilombero. Tangu hapo mkono wako wa kulia utasindikizwa na ukuta wa milima iliyovikwa msitu kuanzia miguuni hadi mabegani. Bondeni kuna miwa, mpunga, migomba, nyumba za vijiji, na reli ya TAZARA iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975. Kijiji cha Sanje kimo kando ya barabara hiyo, kabla hujafika Mang'ula yaliko makao makuu ya hifadhi.

Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ilianzishwa mwaka 1992, na ukubwa wake ni kilomita za mraba 1,990. Ni hifadhi ya watembea kwa miguu. Waziri na mkulima, mtalii wa Ulaya na mwanafunzi wa Ifakara, wote huingia kwa nyayo zao, tena wakiongozwa, maana humo wamo tembo na nyati. Kwa wasio na nguvu nyingi ziko njia fupi karibu na Mang'ula, ikiwamo ya maporomoko ya Sonjo ambayo huchukua kama saa mbili. Njia ya Sanje ni ndefu kidogo. Tenga kama saa nne kwenda na kurudi, na zaidi ya hapo ikiwa mnafuatana na watoto.

Mwanzoni joto la bonde litakuwa bado limekung'ang'ania shingoni. Lakini ukishaingia chini ya mivule na mikangazi, hewa hubadilika kama vile umefunguliwa mlango wa nyumba ya mawe. Mwanga wa jua hushuka vipande vipande. Njia hupanda, kisha hupanda tena, na mizizi ya miti ndiyo ngazi zako. Hapa ndipo ule usemi kwamba mwenda pole hajikwai unapokuwa na maana ya wazi kabisa. Sauti ya maji utaisikia kabla hujaona hata tone, kwanza kama upepo, baadaye kama mvua ya mbali, mwisho kama kishindo.

Mara utatokea mahali pa wazi, na mbele yako mto wa Sanje utakuwa unajitupa kutoka katika jabali, kimo cha mita 170, ukivunjikavunjika njiani mpaka maji yanageuka meupe kama tui. Maporomoko hayo yanashuka kwa madaraja. Juu kuna vidimbwi, na ukisimama huko utaliona bonde la Kilombero limetandazwa chini yako, mashamba ya miwa yamepangwa kama mikeka uwanjani siku ya shughuli. Ukiteremka hadi chini, manyunyu yatakulowesha kabla hujayagusa maji yenyewe.

Hapo wengi huihesabu safari kuwa imekwisha. Mimi naona ndipo inapostahili kuanza.

ALIYELIJUA JINA

Mkikaa kupumzika, mwambie mwanao anyamaze na kusikiliza. Huenda akawaona mbega wekundu wakirukaruka juu ya matawi, au mbega weusi wenye mashuka meupe mabegani. Bahati ikizidi, atamsikia mnyama mwingine ambaye habari yake yafaa kusimuliwa hapo hapo.

Mwaka 1979 wataalamu wawili wa wanyama, Katherine Homewood na Alan Rodgers, walikuwa wakifanya uchunguzi katika msitu huu. Wakasikia mlio mkubwa ambao hawakutazamia kuusikia huku. Waliujua kuwa ni mlio wa namna fulani ya kima wakubwa, ambao kwa elimu ya wakati ule hawakuwako karibu na milima hii. Wenyeji hawakushangaa hata kidogo. Kwao mwenye mlio huo alikuwa ni ng'olaga, mnyama wa rangi ya kijivu, apendaye kutembea chini kutafuta matunda na mbegu zilizoanguka. Wataalamu wakamtafuta, wakamwona, na leo vitabu vya sayansi vinamwita kwa jina la kijiji cha Sanje. Hakuna mahali pengine duniani anapoishi isipokuwa misitu miwili ya Udzungwa: Mwanihana, ambao ndio huu wenye maporomoko, na Uzungwa Scarp ulio kusini zaidi.

Tafakari jambo hilo, ndugu msomaji. Mnyama mzima, mwenye mkia na kelele zake, alikuwa akiishi ng'ambo ya mashamba ya miwa, jirani ya reli ambayo magari yake yalikuwa yakisafiri hadi Zambia, na elimu ya dunia haikuwa na habari zake. Wakati huo huo wenyeji walikuwa na jina lake mdomoni.

Wala haikuwa mara moja. Miaka 20 na kitu baadaye, watafiti waliokuwa katika Mlima Rungwe walisimuliwa na wawindaji wa Kinyakyusa habari za mnyama aitwaye kipunji. Mwaka 2003 walimwona kwa macho yao. Mwaka uliofuata, watafiti wengine walimkuta katika msitu wa Ndundulu, huku huku Udzungwa. Mwaka 2005 habari hizo zikatangazwa, na dunia ikashangaa kwamba Afrika ilikuwa bado na kima asiyeandikwa. Wawindaji wa Rungwe bila shaka walishangazwa na mshangao huo.

Basi mwongozaji unayepewa mlangoni mwa hifadhi usimchukulie kuwa ni mtu wa kukuonyesha njia peke yake. Aghalabu ni mzaliwa wa vijiji vya hapo. Muulize jina la mti, la ndege, la kijito mlichokivuka. Muulize mzee wake aliutumia msitu huu kwa dawa gani. Maarifa hayo hayamo katika ubao wa matangazo, na asipoulizwa na wageni, huenda hata watoto wake wasiyathamini.

MAJI YATOKAKO

Mtoto akikaa mbele ya maporomoko, swali lake la kwanza huwa ni moja: mbona maji haya hayaishi? Usimcheke. Ni swali zuri kuliko mengi tunayoulizana sisi wakubwa.

Udzungwa ni mwisho wa upande wa kusini wa safu ya milima ya kale inayoanzia Taita, nchini Kenya, na kupitia Upare, Usambara, Nguru na Uluguru. Wataalamu wameipa jina la Tao la Mashariki. Pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi zikigonga milima hii hulazimika kupanda, zikipanda hupoa, zikipoa huachilia mvua na ukungu. Katika Udzungwa, kutoka chini ya bonde, kimo cha mita 250 juu ya usawa wa bahari, hadi kilele cha Luhombero chenye mita 2,576, ni mwendo mfupi kwa ndege arukaye, lakini mawingu huona taabu kubwa kuupita.

Mvua ikinyesha juu ya mlima ulio uchi, maji hukimbia yote mara moja, hubeba udongo, hufurika bondeni, na baada ya wiki mbili mto huwa mchanga mtupu. Mvua hiyo hiyo ikinyesha juu ya msitu, matone hupokewa kwanza na majani, yakashuka polepole juu ya shina, yakaingia katika zulia la majani makavu, yakapenya katika udongo uliotobolewa na mizizi na minyoo. Msitu hunywa kwa pupa na kutoa kwa ubahili. Ubahili huo ndio unaoufanya mto wa Sanje kuwa na sauti hata mwezi wa Septemba, wakati majani ya bondeni yamekwisha kuwa manjano.

Kwa hiyo maporomoko tunayoyapigia picha ni hundi tu. Akiba yenyewe iko juu, msituni, mahali ambapo mgeni wa saa nne hafiki. Na wanaoila akiba hiyo ni wengi. Vijito vya milima hii hunywesha vijiji, mashamba ya mpunga na ya miwa. Vikishuka huungana na Kilombero na Ruaha Mkuu, na yote hatimaye huishia katika Mto Rufiji. Katika matawi yote ya Rufiji, Kilombero ndio unaoleta maji mengi kuliko mengine. Na juu ya Rufiji ndipo lilipojengwa Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, ambalo lilianza kuzalisha umeme mwaka 2024. Hivyo hata wewe usomaye safu hii chini ya taa, mamia ya kilomita kutoka Sanje, mvua za milima hii zina mchango wao katika mwanga wako.

SOMO LA KIHANSI

Nimetaja umeme kwa makusudi, kwa kuwa milima hii hii imetufundisha somo ambalo kila mzazi angefaa kulijua kabla ya kuwapeleka watoto kutazama maporomoko.

Kusini-magharibi mwa Sanje, katika ukingo wa Milima ya Udzungwa, uko Mto Kihansi. Mto huu ulikuwa ukiporomoka ndani ya korongo refu kwa nguvu iliyotoa manyunyu usiku na mchana, mwaka hata mwaka. Mteremko wake mkali na maji yake yasiyokauka viliufanya ufae mno kwa mitambo ya umeme, na katika miaka ya 1990 taifa likajenga huko mtambo wenye uwezo wa megawati 180. Mwaka 1996, katika uchunguzi wa mazingira uliokwenda sambamba na mradi huo, watafiti walikuta chini ya maporomoko kiumbe ambaye hakuwa katika kitabu chochote. Alikuwa chura mdogo wa rangi ya dhahabu, asiyezidi sentimita tatu kwa urefu. Hatagi mayai kama vyura wengine. Huzaa watoto wadogo mno walio kamili. Makao yake yote katika dunia nzima yalikuwa ni majani yaliyoloweshwa na manyunyu ya Kihansi, eneo la hekta mbili hivi, yaani karibu viwanja vitatu vya mpira.

Mwaka 2000 maji yalipogeuzwa kuelekea mtamboni, yaliyobaki mtoni yalikuwa takriban sehemu moja katika kumi. Manyunyu yakanyamaza. Juhudi zikafanywa. Yaliwekwa mabomba ya kunyunyizia maji ili kuiga kazi ya maporomoko, na mwishoni mwa mwaka huo vyura wapatao 500 walisafirishwa hadi Marekani, kutunzwa katika bustani ya wanyama ya Bronx, New York. Kwa muda mambo korongoni yalionekana kutengemaa. Kisha mwaka 2003 vyura wakafa kwa wingi katika muda wa miezi michache, na maradhi ya ngozi yaletwayo na kuvu yakagunduliwa miongoni mwao. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba chura wa Kihansi ametoweka porini. Waliosalia walikuwa wale wa ughaibuni tu. Mwaka 2010 vizazi vyao vilirudishwa nchini, kwenye nyumba maalumu katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na tangu mwaka 2012 wakaanza kurejeshwa korongoni kwao.

Wako waliocheka. Chura apandishwe ndege, atunzwe katika vyumba vyenye joto na unyevu wa kupimwa, kwa gharama za fedha nyingi, na hali wako watu wasio na maji safi? Kicheko hicho nakielewa, wala sikibezi. Umeme wa Kihansi umewasha taa za hospitali na kuendesha viwanda, na hapana mtu mwenye haki anayeweza kulitaka taifa likae gizani. Lakini tazama mpangilio wa mambo. Jina la mwenyeji lilijulikana wakati kiti chake kilikuwa kimekwisha kuahidiwa mtu mwingine. Laiti lingejulikana mapema, pengine lingepatikana shauri la kugawana maji kwa gharama ndogo kuliko hiyo ya kuyarejesha kwa mabomba na ndege. Anayeingia nyumba ya watu gizani hukanyaga vyombo, hata kama nia yake ni njema.

Ndiyo sababu nasema manyunyu yanayokulowesha pale Sanje yastahili kutazamwa kwa macho mawili. Mikangaga na majani laini yanayotambaa juu ya mawe hayo huyaoni penginepo njiani. Viumbe wanaoishi katika unyevu huo, mmoja akiondolewa mahali pake, pengine hana pa kwenda hatua 100 mbele.

KUNI ZA MAMA

Mpaka hapa tumezungumza juu ya wenyeji wenye mikia na wenye magamba ya miti. Sasa tuje kwa wenyeji wenye masufuria.

Kwa miaka mingi baada ya hifadhi kuanzishwa, wanavijiji wa upande wa Sanje na Mang'ula waliruhusiwa kuingia msituni siku maalumu kuokota kuni zilizoanguka zenyewe. Wengi wa waliokwenda walikuwa ni kina mama na mabinti. Mwaka 2011 ruhusa hiyo ilikoma. Hoja ya uhifadhi yaeleweka: mti ulioanguka ni mbolea ya mti ujao, ni nyumba ya wadudu na chakula cha ndege, na njia za waokota kuni zaweza kutumiwa na wenye misumeno na mitego. Lakini hoja ya mama nayo yaeleweka, maana sufuria ya maharage haiivi kwa hoja. Ilibidi watu wapande miti yao wenyewe mipakani mwa mashamba, wajifunze kutumia majiko yanayokula kuni chache, au wanunue kwa fedha kile walichokuwa wakikipata kwa jasho.

Ongeza na tembo. Msitu ukitunzwa vema, tembo nao hustawi, na tembo hajui mpaka wa hifadhi ulipo. Hushuka usiku, na shamba la mpunga au migomba ya mtu ambaye hana shamba jingine hugeuka uwanja wa ngoma. Baadhi ya wakulima wa Mang'ula wamejaribu uzio wa mizinga ya nyuki, kwani tembo pamoja na ukubwa wake humwogopa nyuki. Waya ukiguswa, mizinga hutikisika, nyuki hutoka, na mzee mwenye mkonga hurudi alikotoka. Tena asali hubaki kwa mkulima. Ni shauri la busara, ingawa haliondoi hasara yote.

Jumlisha sasa. Maji yanayomfurahisha mgeni yanaendelea kuporomoka kwa sababu msitu umesimama. Msitu umesimama kwa sababu sheria inaulinda, na vilevile kwa sababu mama fulani chini ya mlima ameacha kuokota kuni humo na baba fulani amevumilia tembo shambani. Hao ndio wanaolipa karo ya maporomoko kila siku. Mgeni hulipa kiingilio mara moja, tena kwa siku ya furaha yake. Mapatano ya usemi wetu yanaanza kuonekana kuwa yameinama upande mmoja.

WAJIBU WA MGENI

Ndugu msomaji, sisemi haya ili ukae nyumbani. Kinyume chake, nataka uende, uwachukue na watoto, lakini uende kama mgeni mwenye adabu. Adabu hiyo ina mambo machache, na hakuna hata moja linalohitaji utajiri.

Kwanza, chagua majira. Miezi ya Juni hadi Oktoba njia huwa kavu na maji bado yapo. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, maporomoko huwa na nguvu nyingi zaidi, lakini udongo huteleza na vijito hujaa ghafla. Huo si wakati wa watoto. Anza asubuhi mapema ili jua kali likukute umekwisha kuingia chini ya miti.

Pili, vaa viatu vilivyofungwa vyenye nyayo za kushika ardhi, na suruali au vazi linalofunika miguu, kwa ajili ya siafu na upupu. Beba maji ya kunywa, chakula kidogo, na nguo kavu ya mtoto. Kandambili ziache garini. Mawe yaliyo karibu na maji yana utelezi usioonekana, na ukingo wa juu wa maporomoko hausogelewi kwa ajili ya picha. Ukitaka kuoga katika kidimbwi, muulize mwongozaji kwanza, na mtoto asiingie peke yake hata kama maji yanaonekana kufika magotini.

Tatu, ulichoingia nacho toka nacho. Mfuko wa plastiki unaoangushwa pale juu utapita katika shamba la mpunga la mtu kabla ya kufika baharini. Sabuni isitumike mtoni, kwani wako watu wanaoyanywa maji hayo chini yako. Mawe, maua na mizizi visiondolewe. Kelele za redio zibaki mjini, zilikozoeleka.

Nne, na hili ndilo la msingi, acha kitu kijijini. Watu wengi hutoka mjini na chakula chao chote, maji yao yote, hata ndizi zao, wakapita katika kijiji chenye migomba pande zote mbili za barabara bila kushuka. Ukifika, kula wali wa Kilombero katika mgahawa wa mama wa hapo. Nunua asali, nunua ndizi na maembe kwa bei isiyomdhalilisha muuzaji. Ukilala, lala karibu. Mlipe mwongozaji stahili yake kwa utaratibu uliowekwa, na neno la shukrani liongezwe juu. Viingilio vya hifadhi kwa raia ni nafuu kuliko vya wageni wa nje. Uliza mapema makao makuu Mang'ula, ulipe na upewe stakabadhi. Kijiji kikiuona msitu ukileta sahani mezani, kitakuwa na sababu yake chenyewe ya kuulinda, na sababu hiyo hudumu kuliko woga wa faini.

Tano, rudi na kitu kichwani. Kabla ya kulala siku hiyo, kila mtoto ataje majina matatu aliyojifunza: la mti, la mnyama, na la mtu. Asiyeweza kutaja la mtu, ajue kwamba safari yake ilikuwa na upungufu. Tena mkifika nyumbani na kufungua bomba, mwulize mmoja wao maji hayo yametoka mlima gani. Kila mji wetu una mlima wake au chemchemi yake. Morogoro wana Uluguru, Tanga wana Usambara, Moshi wana Kilimanjaro. Mtoto aliyesimama mbele ya maporomoko akaelewa akiba iko wapi, hatakubali upesi mtu atakapomwambia kwamba msitu ni miti tu.

Hifadhi, kwa upande wake, haina budi kuendelea kusikiliza vilio vya majirani wake, maana ulinzi wa bunduki bila ujirani mwema ni mzigo mzito. Sisi wa mijini nasi tuna sehemu yetu, nayo ni kuacha kujiona kuwa ni watazamaji. Mtu anayewasha taa, anayekula wali na kutia sukari katika chai, amekwisha kuwa mgeni wa milima hii hata kama hajatia mguu Sanje. Ugeni wake umedumu miaka mingi. Ni haki mwenyeji naye apone.

Nawatakieni Jumapili njema.